Ukipeleka pedali ya gitaa kwa fundi, rudi na vipuri vya zamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua kwa jambo linalowagusa wapiga gitaa wa bendi za dansi, wa kwaya na wa kumbi za hoteli: kazi ya kubadilisha vipuri ndani ya pedali, yaani kile kiboksi cha kukanyaga kinachobadilisha sauti ya gitaa. Mafundi wa kazi hii wapo Kariakoo, wapo Luthuli Avenue kule Nairobi, na wengi wana mikono mizuri. Kinachoharibu kazi mara nyingi ni maelewano ya kaunta. Mteja anaingia na kusema "nifanyie hii TS9 iwe TS808", fundi anajibu "njoo Ijumaa". Ijumaa mteja anapokea kasha lilelile la kijani, analipa, na hajui kilichobadilishwa ni nini. Pedali ikianza kukoroma jukwaani Jumapili, kila mmoja anamlaumu mwenzake.

Tuichukue TS9 hiyohiyo, pedali ya Ibanez ya kukwaruza sauti, ambayo pamoja na TS808 ni za familia ya Tube Screamer, maana kazi yake inaombwa sana. Kinachoitofautisha kisaketi na TS808 ya Ibanez ni rezista mbili za mwisho, pale sauti inapotoka. TS808 ina omu 100 kwenye njia ya sauti na kilo-omu 10 kwenda ethi, yaani waya wa pamoja wa saketi. TS9 ina omu 470 na kilo-omu 100. Basi. Rezista mbili hizo bei yake haifiki ya chupa ya soda. Na niseme wazi: ukichomeka pedali kwenye amplifaya ambayo mlango wake una kilo-omu 1,000, mabadiliko hayo hayafikishi hata desibeli moja. Fundi ana haki ya kulipwa kwa kufungua, kulehemu na kupima, lakini mteja ajue kwamba hapo analipia zaidi jina.

Jina lingine linalouza ni chipu ya JRC4558D. Watu wanaisimulia kama dawa ya mganga. Ni chipu ya kawaida yenye miguu minane, na ndani ya Tube Screamer dayodi (vipuri vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) ndizo zinazoibana sauti kabla chipu haijafika kwenye mipaka yake, kwa hiyo usemi wake ni mdogo. Kwa kuwa jina linauza, zimejaa bandia: chipu nyingine hukwanguliwa maandishi na kuandikwa upya. Ukiisugua kwa pamba yenye asetoni, mara nyingine herufi hubaki kwenye pamba. Mteja aking'ang'ania chipu ibadilishwe, fundi aweke kwanza soketi ya miguu minane, kisha chipu ya zamani na mpya zipishane humo mwenye gitaa akisikiliza. Kwenye pedali za siku hizi zenye chipu ndogo zilizobandikwa juu ya bodi, ni heri kuacha. Njia za shaba pale ni nyembamba kama uzi na hubanduka upesi.

Kinachosikika kweli ni kapasita moja. Kwenye hatua ya kwanza ya Tube Screamer kuna rezista ya kilo-omu 4.7 na kapasita ya maikrofaradi 0.047, zimefuatana kwenda ethi. Hizo mbili zinaweka mpaka kwenye hezi 720, yaani mitetemo 720 kwa sekunde. Sauti iliyo juu ya mpaka inakuzwa kikamilifu, na kitufe cha Drive, cha kuongeza mkwaruzo, kikiwa mwisho ni karibu mara 118. Iliyo chini inakuzwa kidogo kidogo kadiri inavyoshuka. Sasa pima: waya mnene wa E ukipigwa wazi ni hezi 82, ule mwembamba wa E ni hezi 330, na hata ukiubana kwenye freti ya 12 unafika 659 tu. Maana yake noti karibu zote za shingo ziko chini ya mpaka, na kinachokwaruzwa zaidi ni ile milio midogo ya juu inayoambatana na kila noti. Ndiyo sababu pedali hii inapenya katikati ya besi, rithimu na tarumbeta bila kuvuruga.

Ukiweka kapasita ya 0.1, mpaka unashuka hadi hezi 339. Ukiweka 0.22, unafika 154. Sauti inanenepa, na chumbani inapendeza mno. Jukwaani, kukiwa na mpiga besi na mpiga rithimu, unene huo unagongana nao na solo linazama. Kwa mpiga solo wa dansi, ushauri wangu ni kuacha 0.047 ilipo, au asivuke 0.1. Anayepiga peke yake na mwimbaji mmoja anaweza kwenda mbele zaidi.

Dayodi nazo zina tabia zake. Mbili za silikoni, kama 1N4148 inayopatikana kila duka la vipuri, hubana sauti kwenye volti 0.6 hadi 0.7. Za jemaniamu hubana kwenye 0.3 hivi: pedali inakuwa laini lakini sauti inapungua nguvu, na mteja anadhani imekufa. LED nyekundu, yaani dayodi ya taa, hubana karibu na 1.7, kwa hiyo pedali inapaza na kuwa safi, ila itabidi Drive ipandishwe ndipo ikwaruze. Njia ya kati, na ninayoipenda mimi, ni kuongeza dayodi moja ya silikoni upande mmoja, zikawa mbili kwa moja. Pedali ya Boss SD-1 ya mwaka 1981 ina mpangilio huo wa dayodi tatu. Ni kazi ya dakika chache, na ikichukiza inaondolewa.

Hilo la kuondolewa ndilo kipimo cha fundi mzuri. Mfano wake ni pedali ya kuzungusha sauti, MXR Phase 90 ya rangi ya chungwa, yenye nembo ya herufi nene. Wengi wanataka mzunguko wake uwe mpole kama wa zile za kwanza za miaka ya 1970. Dawa yake kwenye bodi za vipuri vya miguu ni rezista moja, iliyoandikwa R28, inayorudisha sauti nyuma kuzunguka tena. Fundi mwenye busara hainyofoi: anainua mguu mmoja tu, anauacha hewani, amemaliza. Mteja akijuta, mguu unashushwa na tone la lehemu linaurudisha.

Kisha kuna wimbi la "baipasi kamili", yaani pedali ikizimwa sauti ipite kando bila kugusa saketi. Mteja amesikia kwamba bafa, saketi ndogo inayoipa sauti nguvu ya kusafiri kwenye waya, inaua sauti, basi anataka pedali zake zote tano zitobolewe na kufungwa swichi ya kukanyaga ya miguu tisa. Hapa fundi akatae, au angalau aeleze. Waya wa gitaa una kapasitansi ya karibu pikofaradi 100 kwa kila mita. Chukua pikapu (koili inayonasa mlio wa nyuzi za gitaa) ya henri 2.5. Ikiwa na waya wa mita tatu, kilele chake cha ukali kinakaa karibu na hezi 5,800. Waya ukifika jumla ya mita 12, kwenda kwenye pedali na kutoka hadi amplifaya, kilele kinashuka hadi karibu 2,900, na gitaa linasikika kama limefunikwa blanketi. Bafa moja mwanzoni mwa msururu inazuia hilo. TS9 na pedali za Boss zinayo tayari. Kuing'oa kwa gharama, halafu kwenda kununua kiboksi cha bafa, ni kazi ya bure.

Palipo na haja ya swichi hiyo, kwa mfano kwenye pedali ya wawa ya zamani inayonyonya sauti hata ikiwa imezimwa, kosa la kawaida ni mlio wa "tap!" kila ikikanyagwa. Unatokana na umeme kidogo unaovuja kupitia kapasita za kuingilia na kutokea, ukakosa pa kwenda. Rezista moja ya kilo-omu 1,000 kwenye mlango wa kuingilia na nyingine wa kutokea, zote kwenda ethi, kwa kawaida hunyamazisha.

Umeme ndio unaoua pedali nyingi kuliko pasi ya fundi. Tundu la adapta la pedali nyingi ni la milimita 5.5 kwa 2.1, na hilohilo liko kwenye ruta za intaneti na ving'amuzi. Lakini pedali nyingi zinataka volti 9 zenye hasi katikati, na adapta ya ruta kwa kawaida ina chanya katikati, tena mara nyingi ni ya volti 12. Ukichomeka, dayodi ya ulinzi iliyofungwa sambamba inabeba mkondo wote wa adapta hadi inaungua. Ikiungua kwa kushikana, pedali haiwaki wala kwa betri wala kwa adapta, na tiba yake ni rahisi: 1N4007 mpya, shilingi kidogo sana. Ikiungua kwa kukatika, adapta ikichomekwa tena chipu inafuata. Kwa hiyo mteja anayesema "imezimika ghafla" aulizwe kwanza alichomeka nini. Na anayenunua pedali ya mtumba kutoka Japani pamoja na adapta yake aisome adapta hiyo kabla ya kuiweka ukutani: ya volti 100 haivumilii 230 zetu.

Anayetaka pedali ya volti 9 ipigwe kwa 18 "ili ipumue" amwombe fundi asome kila kapasita yenye chanya na hasi. Zilizoandikwa 16V zibadilishwe kwa za 25V au 35V. Ndani kukiwa na chipu ya kugeuza volti, MAX1044 au ICL7660, hakuna mjadala: hizo hazivuki volti kama 10, na kwa 18 zinakufa papo hapo.

Fazi, yaani pedali ya fuzz, yenye transista za jemaniamu ni mgonjwa wa joto. Mvujo wa transista hizo huongezeka karibu maradufu kila joto likipanda nyuzi 10. Fundi akiipima dukani kwenye kiyoyozi cha nyuzi 20, akaweka volti 4.5 kwenye kolekta ya transista ya pili, jioni kwenye harusi ya uwanjani Tanga au Mombasa, nyuzi 32, pedali inakohoa na noti zinakatika. Aipime kiyoyozi kikiwa kimezimwa, aweke rezista ya kurekebishwa kwa bisibisi, na amwonyeshe mteja ilipo. Tena nyingi za aina hiyo zina chanya kwenye ethi. Zikiunganishwa kwenye adapta moja na pedali nyingine, waya wa pamoja unakuwa shoti. Zipewe betri yake.

Ukanda wa pwani una adui mwingine, chumvi. Ukungu wa kijani kwenye klipu ya betri na mkwaruzo wa vitufe si sababu ya kubadilisha saketi. Dawa ya kupuliza ya kusafishia viungo na kuzungusha kitufe mara ishirini vinaweza kumaliza kazi ambayo mteja alikuja kuilipia kama "modifikesheni". Vivyo hivyo mvumo: weka betri mpya. Mvumo ukiondoka, tatizo ni adapta. Ukibaki, ndipo kasha lifunguliwe.

Na jeki. Tundu la kuingilia la pedali nyingi ni la stereo, ingawa gitaa ni mono, kwa sababu mguu wa tatu ndio unaounganisha hasi ya betri waya unapochomekwa. Fundi wa redio asiyelijua hilo hufunga jeki ya mono. Akiacha waya wa betri unaning'inia, betri haifanyi kazi. Akiuunga moja kwa moja kwenye ethi, betri inaliwa usiku na mchana hata pedali ikiwa kabatini.

Siku ya kuchukua, mteja aje na gitaa lake na waya wake mwenyewe. Azime pedali na kulinganisha na waya uliokwenda moja kwa moja kwenye amplifaya. Azungushe kila kitufe mwanzo hadi mwisho, akanyage swichi mara ishirini, ajaribu betri kisha adapta, agonge kasha kwa kifundo cha kidole akisikiliza kama sauti inakatika, maana kiungo kilicholehemiwa vibaya hujitangaza hapo. Aombe kuona bodi kabla haijafungwa. Lehemu ya 60/40 iliyoshika vizuri inang'aa na kuteremka kama kilima kidogo hadi kwenye shaba. Iliyokaa kama kidonge cha kijivu haijashika. Akiona vipande vya shaba vimebanduka, pasi ilikuwa kali mno au ilikaa muda mrefu: nyuzi 350 kwa sekunde mbili tatu zinatosha.

Halafu adai mfuko mdogo wenye vipuri vyote vilivyotoka, hata rezista ya shilingi hamsini. Pedali ya zamani ikiuzwa na vipuri vyake inaweza kurudishwa kama ilivyokuwa, na mnunuzi analijua hilo. Pamoja na mfuko, kikaratasi. Hakihitaji urefu: "TS9. Kapasita 0.047 imetoka, imewekwa 0.1. Dayodi moja ya 1N4148 imeongezwa. Chipu haikuguswa. Betri volti 9.2, inakula miliampea 8." Kibandikwe ndani ya kifuniko cha chini, atakachokifungua fundi mwingine siku moja.

Msomaji wako,
Ilala, Dar es Salaam