Waaguzi wa Ugiriki wasibebeshwe lawama ya majemadari

Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu vita vya Ugiriki ya kale, na nimeumia kuona waaguzi waliofuatana na majeshi wakiitwa matapeli. Mfano mliotoa ni Nicias, jemadari wa Athene. Mwezi ulipatwa Agosti 413 KK, akakataa kuliondoa jeshi lake pale Syracuse, mji wa Sicily waliokuwa wakiuzingira, mpaka zipite siku 27. Adui akaifunga bandari, jeshi likaangamia, mateka wasiopungua 7,000 wakatupwa kwenye machimbo ya mawe.

Ni kweli siku hizo zilitajwa na waaguzi. Lakini Stilbides, mwaguzi aliyezoea kumtuliza Nicias hofu zake za ishara, alikuwa amekwisha kufariki. Tena kwa sheria ya Athene jemadari ndiye aliyemwamuru mwaguzi. Aliyeamua kubaki ni Nicias.

Afadhali mngetuonyesha bandari ya Calpe, pwani ya Bahari Nyeusi, mwaka 400 KK. Chakula kimekwisha, askari wa Kigiriki wanaorudi kutoka Uajemi wanataka kutoka, na kila Xenophon, mmoja wa majemadari wao, akichinja kafara, matumbo ya mnyama yanatoa ishara mbaya. Minong'ono ikaanza: amemshawishi mwaguzi ili wabaki wajenge mji. Xenophon akatangaza kwamba kesho yake anayetaka aje ashuhudie, na kama yumo mwaguzi mwingine jeshini aje akague mwenyewe. Wakajaa. Wakachinja mara tatu, bado. Kondoo walipokwisha wakanunua ng'ombe wa kukokota mizigo, wakawachinja nao. Hapo utapeli ungefichwa wapi, mbele ya macho ya watu wote wenye njaa? Neon, jemadari mwenzake, hakungoja. Alitoka na watu kama 2,000 kwenda kutafuta chakula vijijini, na wapanda farasi wa Pharnabazus, liwali wa Uajemi, wakawaua wasiopungua 500.

Na mwaguzi Megistias je? Kule Thermopylae, Wagiriki walipokuwa wakiwazuia Waajemi, aliwaambia wenzake kwamba kifo kinakuja alfajiri. Leonidas, mfalme wa Sparta aliyewaongoza, akamruhusu aondoke. Akamwondoa mwanawe wa pekee, yeye akabaki akafa nao. Tapeli hafanyi hivyo.

Mkiendelea na mfululizo huu, naomba mwandishi avifikie vita vya Plataea, 479 KK, kati ya Wagiriki na Waajemi. Tisamenus alimwagulia Pausanias, jemadari wa Wagiriki, Hegesistratus akamwagulia Mardonius, jemadari wa Waajemi; waaguzi hao wote wawili ni watu wa Elis, huko huko Ugiriki, na jibu lao likawa moja: jilinde, usianze wewe kushambulia. Majeshi yakakaa yakitazamana siku kumi, mpaka Mardonius akachoka, akaziacha ishara na kuvuka mto.

Msomaji wenu,
Morogoro