Mshipa wa moyo hujikaza pia: kazi ya Attilio Maseri isisahaulike

Ndugu Mhariri,

Kila linapoandikwa jambo kuhusu shambulio la moyo, mchoro unaochapishwa ni uleule: mshipa uliokatwa katikati, mafuta ya njano yamejaa ndani, damu imekosa pa kupita. Mchoro huo si wa uongo. Lakini ukibaki peke yake, kuna wagonjwa unaowaumiza. Mtu anaamka saa tisa usiku kifua kimembana, dakika kumi baadaye maumivu yameisha, asubuhi anafika hospitali na kipimo cha umeme wa moyo, ECG, kinatoka safi. Anaambiwa ana vidonda vya tumbo au ana mawazo mengi, anarudishwa nyumbani. Tunaomba nafasi tumtaje daktari aliyewafanya wagonjwa wa aina hii waaminiwe: Attilio Maseri wa Italia, aliyefariki Septemba 2021 akiwa na umri wa miaka 85.

Maseri alizaliwa Udine mwaka 1935. Baada ya kujifunza utafiti Marekani alijijengea jina Pisa, kwenye maabara ya fiziolojia ya Baraza la Taifa la Utafiti la Italia. Miaka hiyo madaktari wengi wa moyo walikuwa na macho na jambo moja tu. Tangu daktari Mason Sones wa Cleveland, Marekani, aanze kupiga picha mishipa ya moyo mwaka 1958, kila mtu alitafuta penye wembamba, na daktari mpasuaji René Favaloro alipoanzisha upasuaji wa kupandikiza njia mpya ya damu mwaka 1967, dawa ya wembamba nayo ilikuwa imepatikana. Daktari wa moyo wa Marekani, Myron Prinzmetal, alikuwa ameshaeleza mwaka 1959 juu ya anjina, yaani maumivu ya kifua ya moyo unaokosa damu, inayomjia mtu akiwa amepumzika, si akiwa kazini, huku sehemu ya mchoro wa ECG iitwayo mstari wa ST ikipanda badala ya kushuka. Wengi waliichukulia kuwa kioja cha nadra.

Maseri na wenzake wa Pisa walifanya jambo ambalo kulisema ni rahisi, kulitenda ni kazi: waliuvizia moyo saa ileile unapougua. Mgonjwa mwenye maumivu ya mapumzikoni alilazwa chumba cha uangalizi maalumu, ECG ikaandika bila kukatika, na mirija myembamba ikapitishwa ndani ya mishipa kupima presha na oksijeni ya damu inayotoka kwenye msuli wa moyo. Wakasubiri. Shambulio lilipokuja waliona mpangilio wake. Kwanza oksijeni ya damu inayorudi kutoka moyoni ilishuka, ishara kwamba damu inayoingia imepungua. Kisha msuli ukalegea katika kusukuma. Kisha ECG ikabadilika. Maumivu yalikuja mwisho kabisa, na mara nyingine hayakuja. Mapigo ya moyo na presha havikuwa vimepanda kabla ya hapo. Maana yake moyo haukuwa umeelemewa na kazi. Mshipa wenyewe ndio uliobana.

Ushahidi wa pili ulitokana na thaliamu-201, dawa yenye mionzi hafifu inayofuata damu hadi kwenye msuli. Wakiichoma wakati wa maumivu, picha ilionyesha sehemu ya moyo isiyofikiwa na damu, na maumivu yakishapita sehemu ileile ilionekana kujaa. Wengine walipigwa picha ya mishipa shambulio likiendelea, na mshipa ulioonekana wazi muda mfupi kabla ukaonekana umefunga.

Mwaka 1978, katika New England Journal of Medicine, kundi hilo lilisema kwamba kujikaza huko kunaweza kusababisha hata shambulio kamili la moyo. Hapa haki itendeke pande zote. Mwaka 1980 DeWood na wenzake Marekani waliwapiga picha wagonjwa 126 ndani ya saa nne za mwanzo wa shambulio, na 110 walikuwa na mshipa ulioziba kabisa, mara nyingi kwa donge la damu. Kwa hiyo donge ndilo mhusika mkuu, na kulifuata haraka kwa dawa ya kuyeyusha au kwa puto la kufungua mshipa ndiko kunakookoa watu wengi. Ila swali la Maseri lilibaki: kwa nini donge lijitengeneze leo, hapa, wakati mafuta yamekaa ukutani mwa mshipa miaka ishirini? Swali hilo ndilo lililomwongoza maisha yake yote.

Alilibeba hadi London mwaka 1979, alipopewa uprofesa wa tiba ya moyo katika hospitali ya Hammersmith, mahali walipopita kwake watafiti kama Filippo Crea na Juan Carlos Kaski. Mwaka 1991 alirudi Italia, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Roma, na mwaka 1994 kundi lake likaonyesha kuwa wagonjwa wa anjina isiyotulia wenye CRP, protini ya damu inayopanda mwilini kukiwa na uvimbe, ya miligramu 3 kwa lita au zaidi walipata matatizo mengi zaidi wodini kuliko wenye kiwango cha chini. Uvimbe ndani ya mwili, si mafuta peke yake, ukaingia kwenye hesabu. Baadaye alihamia San Raffaele, Milano. Magazeti ya kwao yalipenda kumtaja kwa wakubwa aliowatibu. Sisi tunaona kipimo chake ni yule mgonjwa wa saa tisa usiku.

Sasa ya kazini, maana hapa ndipo makosa yanapotokea.

ECG ya baada ya maumivu haimwondolei mtu shaka. Ipigwe maumivu yakiwepo, kabla ya kuandikisha faili, ndani ya dakika kumi za kufika. Kasi iwe milimita 25 kwa sekunde, na saa iandikwe juu ya karatasi kwa mkono kama mashine haina saa sahihi. Kibandiko cha kifuani kiitwacho V1 kikae nafasi ya nne kati ya mbavu, kulia kwa mfupa wa kifua, na V2 mkabala wake kushoto. Wengi huviweka juu mno, karibu na mtulinga, na hapo mashine huchora ugonjwa usiokuwepo au huficha uliopo. Kisha mgonjwa akiwa amekaa au amelala, apewe nitrogliserini, dawa ya kulegeza mishipa, chini ya ulimi, miligramu 0.4 au 0.5, ECG irudiwe maumivu yakitulia, na karatasi zote mbili zibanwe pamoja. Mstari uliopanda kwenye ya kwanza na kushuka kwenye ya pili ndio ushahidi. Asipewe nitrogliserini ambaye namba ya kwanza ya presha yake iko chini ya 90, wala aliyemeza sildenafili (Viagra) ndani ya saa 24. Na maumivu yakipita dakika 15 bila kutulia, hilo lihesabiwe shambulio la moyo: aspirini miligramu 300 atafune, na safari ya hospitali kubwa ianze.

Aliyethibitika kuwa na mshipa unaojikaza hutibiwa kwa dawa za kundi la diltiazemu, verapamili au nifedipini ya kutenda polepole, pamoja na nitrati. Propranololi, ambayo iko karibu kila duka la dawa na huandikwa kwa urahisi kwa mapigo ya moyo yanayoenda mbio, inaweza kumzidishia. Sigara aache kabisa, maana ndiyo kichochezi kikubwa kinachojulikana. Watafunaji wa miraa nao waulizwe bila kuona haya: tafiti za Yemeni zimeihusisha na mashambulio ya moyo, na kiini chake, kathinoni, hubana mishipa.

Jambo la mwisho linawahusu wakunga. Mojawapo ya dawa ambazo maabara za moyo hutumia kuuchokoza mshipa ujikaze, ili ugonjwa uonekane, ni ergonovini, jina jingine la ergometrini ileile iliyopo wodi za wazazi. Maabara huanza na miligramu 0.05 kwenye mshipa, ECG ikiandika na nitrogliserini ikiwa tayari kwenye sindano. Wodi ya wazazi hutoa 0.2 hadi 0.5 kwa mkupuo, kwenye msuli, kuzuia damu baada ya kujifungua. Dawa hiyo imeokoa akina mama wengi na inastahili kubaki kwenye trei. Lakini mama mwenye presha ya juu au ugonjwa wa moyo asipewe, oksitosini ipo. Na mama aliyechomwa ergometrini akilalamika kifua kumbana, asiambiwe ni uchovu wa uchungu. Apigwe ECG hapohapo kitandani.

Wasomaji wenu,
wahudumu wa wodi ya magonjwa ya moyo,
Dar es Salaam