Mdogo wangu, karai la mama usiliuze

Mdogo wangu,

Nimeona kwenye status yako umenunua mashine ya kufulia, ile ya matangi mawili. Hongera sana. Usiijaze nguo mpaka juu, ziache zipate nafasi ya kuzunguka. Pini na sarafu zitoe mifukoni kabla. Ukimaliza, mwaga maji yote na uache mfuniko wazi, la sivyo itavunda. Na kwenye tangi la kukamulia nguo zipange pande zote sawa. Ukirundika shuka zito upande mmoja, litatetema kama daladala bovu na beringi zitakufa mapema.

Najua unasoma huku umebinua mdomo. Binua tu.

Siku ya arobaini ya mama sikukujibu kwa sababu ya watu. Masheikh walikuwa wameshakula, mikeka haijakunjwa, kina mama wadogo wako uani na masufuria. Ukaja na karai la mama, lile la bati lenye kiraka kitakoni, ukalitua miguuni kwangu mbele ya wajomba. Ndani lilikuwa bado na ukanda mweupe wa sabuni iliyokauka. Ukasema, "Kaka, na hili kaliweke kwenye makumbusho yako." Mjomba akacheka. Mjomba mwenyewe sijamsamehe, sembuse wewe.

Basi nikueleze hayo makumbusho. Kutoka kwangu Des Moines, hapa Iowa, Marekani, hadi mji wa Newton ni kilomita 50 na kitu. Kampuni ya Maytag ilianzishwa pale mwaka 1893, ikiuza vifaa vya mashine za kupuria nafaka. Mashine ya kufulia ya kwanza waliitoa 1907, wapate cha kuuza msimu ambao mkulima hanunui kitu. Mwaka 1922 wakatoa Gyrafoam, ambayo mapanga ya kuvuruga maji yako chini ndani ya tangi, hayaning'inii kwenye mfuniko kama za wengine. Kiwanda kilifungwa 2007. Sasa wazee wa huko wakifa, watoto wao wanauza vyombo vya ndani kwa mnada, na mimi huokota humo mashine za zamani za kufulia. Ndiyo, vyombo vya marehemu. Usianze.

Ile ya kwenye picha iliyokukera ina tangi la mraba la alumini na juu rola mbili za mpira za kukamulia. Haitumii umeme hata chembe. Chini ina injini ndogo ya petroli, unaikanyaga kama pikipiki, na bomba la moshi unalipitisha mlangoni litoke nje. Katikati ya miaka ya 1930 mashamba kama tisa katika kumi huku Marekani hayakuwa na umeme, na wake wa wakulima walikuwa wanafua. Rola zilikuwa zimegandana, nikahangaika nazo wikendi tatu. Nilipopitisha shuka la kwanza likatoka upande wa pili bapa kama chapati, na mimi nikajikuta nimenyoosha macho kule, kama vile kuna mtu kashika ncha.

Unakumbuka mashuka ya gesti, Jumatatu na Alhamisi? Wewe unazungusha kulia, mimi kushoto, halafu unaachia makusudi nikae kwenye matope. Mama anatupigia kelele kwamba shuka la watu.

Niliinunua dola 180, na mwezi ule ule ulikuwa umeniomba hela ya mashine ya mama. Nikakujibu kwamba umeme unakatika, maji hayana presha, itaungua bure. Mashine ya matangi mawili haitaki presha. Unaijaza kwa ndoo. Nani anajua hilo kuliko mimi?

Lakini na wewe sema yote. Dawa za mama zilitoka wapi? Mabati ya jikoni je? Kila mwezi nilituma, hata mwezi niliokatwa saa za kazi. Zile dola 180 ulizitangaza mpaka kwa majirani, mabati hukuyataja. Na mama mwenyewe nilimuuliza kwenye simu, akaniambia, "Mashine haijui kola." Ulikuwepo, nilikusikia ukicheka. Kama angeitaka angesema.

Au asingesema. Wewe ulikaa naye, mimi sikukaa.

Karai niliondoka bila kulibeba. Nilikuwa na hasira, na begi lilishazidi kilo. Sasa mama mdogo ananiambia vijana wa chuma chakavu wanapita hapo kila Jumamosi na wewe unasafisha stoo. Usiwape. Ukisikia mtu anakuja huku, lifunge kwenye kanga, nitalipia kilo zake. Usilisugue ndani.

Na ile elfu sabini ya Mjomba mwambie Ijumaa.

Kaka yako