Injini Ikigoma, Moyo Usigome: Barua kwa Mwanangu Anayeishi Baharini

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani Kigamboni. Sisi wazima, mama yako na bibi wanakusalimu sana. Ujumbe wako nimeupata: injini imechemka, betri zinaisha kabla ya alfajiri, pampu ya ngama (ile inayotoa maji yanayokusanyika chini kabisa ya boti) imenyamaza, na sasa wewe na mwenzako mnaulizana kama muiuze boti yenu ya tanga mrudi kupanga nyumba. Mwanangu, msiamue habari ya kuuza mikono ikiwa bado na oili. Boti iliyo kwenye maji ya chumvi yenye joto kama ya ghuba ya Msasani mnakoishi huchakaa hata ikiwa imefungwa tu kwenye boya. Chumvi hula shaba, jua hula mpira, mtikisiko hulegeza nati. Hakuna nuksi hapo wala kijicho cha mtu. Anayejua kifaa kimekufa kwa nini hupata usingizi. Asiyejua hukesha akidhani chombo kizima kinaoza. Kwa hiyo moyo wenu mtauponya kwa kutafuta chanzo, kimoja kimoja.

Kitu kikifa, kabla hujagusa spana, jibu maswali matatu kwa mpangilio huu. Maji yanaingia? Inua ubao wa sakafu, chovya kidole ngamani uonje: yakiwa ya chumvi yametoka nje, yakiwa matamu yametoka kwenye tangi lenu. Chombo kinaburura nanga? Tazama vitu viwili vya nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja; vikiachana na chombo hakijageuka, mnasogea. Kuna moshi, au harufu ya gesi ya kupikia? Gesi ile ni nzito kuliko hewa, hushuka na kulala ngamani, kwa hiyo funga mtungi, fungua milango, na usiguse swichi yoyote. Majibu yote yakiwa hapana, chemsheni chai. Hakuna dharura. Bolti nyingi hukatika vichwa mikononi mwa watu wenye haraka, na hapo tatizo moja huwa mawili.

Sasa injini, maana hiyo ndiyo iliyowatisha. Kila mnapoiwasha, mmoja achungulie nyuma: maji ya bahari yatoke kwa mafungu pamoja na moshi. Yasipoonekana ndani ya nusu dakika, zimeni. Kisha fuateni njia ya maji tangu yanapoingia. Koki ya chini imefunguliwa? Chujio lina mwani au kipande cha plastiki? Masika ikipita taka zinazoshushwa na mito huelea wiki nyingi. Funga koki, vua mpira unaotoka kwenye koki hiyo, kisha uifungue koki kidogo: maji yakiruka kwa nguvu, tundu la nje ni safi, yakichuruzika, mtu apige mbizi akakwangue makombe.

Njia ikiwa safi, mshukiwa ni impela, ile gurudumu ya mpira iliyo ndani ya pampu ya maji ya bahari. Ikizunguka kavu hata dakika chache huungua, na mbawa hukatika. Funga koki kwanza. Fungua skrubu za kifuniko ukiziweka kwenye kikombe, maana zikidondoka ngamani zimepotea. Vuta impela kwa koleo mbili, taratibu, bila kukwaruza nyumba ya pampu. Hesabu mbawa. Ikikosekana hata moja, isakeni: imesukumwa mbele na imekwama kwenye mpira au kwenye mdomo wa kipozeo, na msipoitoa injini itachemka tena na impela mpya ndani yake. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, wakidhani kazi yao imeshindikana, kumbe kipande kidogo cha mpira kimeziba njia. Impela mpya ipake sabuni ya maji ya kuoshea vyombo au gliserini; grisi ya petroli huivimbisha. Ingiza ukiizungusha upande ule pampu inaozunguka ili mbawa zilale sawasawa. Weka gasketi mpya, kaza skrubu kwa kupishana, fungua koki, washa, chungulia nyuma.

Maji ya bahari yakitoka vizuri na bado inachemka, kagueni mkanda na maji ya kupozea ya ndani. Mkanda ukiubonyeza katikati kwa kidole gumba ushuke kama sentimita 1. Kifuniko cha maji ya ndani kisifunguliwe injini ikiwa moto. Mvuke wake huunguza uso.

Siku injini itakapozimika yenyewe baada ya kukohoa, fikirieni dizeli chafu au hewa. Toeni maji chini ya chujio, badilisheni filta, legezeni skrubu ya kutolea upepo, pigeni pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu, kisha kazeni. Onyo moja: mkipiga stata muda mrefu bila injini kushika, fungeni koki ya maji ya bahari, la sivyo maji yatajaa kwenye bomba la moshi na kurudi ndani ya injini. Ikishika tu, koki ifunguliwe papo hapo.

Betri zenu sidhani kama zimerogwa, fanyeni hesabu. Betri ya Ah (ampea kwa saa) 100 ya asidi isitumiwe zaidi ya nusu, yaani 50. Friji inayokula ampea 4 na kufanya kazi nusu ya usiku wa saa 12 inakula 24. Feni ya ampea 1 kwa saa 10, nyingine 10. Ongeza taa na simu, mmefika 40. Betri iliyochoka haifiki huko. Pimeni asubuhi kabla ya jua kugusa sola, kila kitu kikiwa kimezimwa kwa muda: volti 12.7 imejaa, 12.2 imebaki nusu. Pimeni tena mtu akipiga stata. Ikishuka chini ya 10, betri imechoka. Ikibaki 12 na stata inalia tu "tak", tatizo ni vichwa vya waya au stata yenyewe. Unga wa kijani kwenye vichwa huoshwa kwa magadi soda na maji, kisha mnakausha na kupaka mafuta ya mgando.

Pampu ya ngama: anza na fyuzi, kisha kielea (swichi inayoinuka na maji), kisha nywele kwenye chujio lake, kisha kiungo cha waya kilicholala majini. Kateni hadi shaba inayong'aa na mkipandishe juu.

Vipuri msisubiri vyote kutoka nje. Beringi ina namba ubavuni. 6203 ni milimita 17 ndani, 40 nje, unene 12, popote ilipotengenezwa, na Kariakoo ipo. Oili sili, ile pete inayozuia oili kuvuja, nayo imeandikwa vipimo vitatu. Nendeni na kifaa kibovu mkononi, kimeoshwa, msiende na maelezo ya mdomo. Impela na gasketi ndizo za kuagiza, na ziwepo mbili mbili chomboni kabla hazijahitajika.

Fanyeni kazi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne. Baada ya hapo chini ya sitaha ni tanuri, na hasira za pale ni za joto. Ubovu mmoja kwa siku, umalizwe, zana zifutwe, uandikwe kwenye daftari: tarehe, kilichokufa, chanzo, kipuri. Mkikata tamaa, fungueni kurasa za nyuma msome vilivyopona. Na siku moja kwa wiki isiguswe spana. Wakati huu wa kusi ghuba imetulia; pandisheni tanga asubuhi mwende kisiwa cha Bongoyo bila injini kabisa, rudini mchana. Wavuvi wa Msasani wanatoka kila siku na ngalawa zisizo na hata betri. Chombo chenu ni cha tanga. Injini ikiwa mgonjwa, hamjapoteza chombo.

Jumamosi nitakuja na mita ya umeme, magadi, na klipu za chuma kisichoshika kutu, maana kila mpira ulio chini ya maji unataka klipu mbili. Nitumie picha ya kibati cha injini na namba iliyo kwenye kifuniko cha pampu, nipitie Gerezani kutafuta vipuri nikishashuka kwenye kivuko.

Baba yako