Kabla Rehema hajathibitisha chuo

Mama Rehema mpenzi,

Habari za siku? Sisi huku Morogoro wazima, joto tu. Mguu wa bibi umepona? Nisamehe, tangu msiba wa mjomba sijakuandikia. Leo nimekaa kwa sababu ya ujumbe wako wa jana, kwamba mtoto amepata nafasi mbili, udaktari wa mifugo SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, hapa Morogoro) na wanyamapori Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), na baba yake anataka athibitishe Mlimani kwa kuwa kiko juu kwenye orodha.

Orodha gani? Kama ni ile ya Webometrics inayotangazwa magazetini, baba Rehema ajue inavyopima. Inatoka Hispania, na nusu ya alama zake ni tovuti za nje zinazounganisha na tovuti ya chuo. Sehemu kubwa ya zilizobaki ni tafiti zinazonukuliwa sana. Hakuna aliyeingia darasani wala zizini. Mlimani ni chuo kikubwa, sibishi, lakini udaktari wa mifugo hakifundishi! Sasa tunalinganisha nini?

Hata orodha za wakubwa ni hivyohivyo. Columbia, chuo kikuu cha New York, ilishika namba 2 Marekani kwenye orodha ya U.S. News, hadi Februari 2022 Michael Thaddeus, profesa wao wenyewe wa hisabati, alipoonyesha kwamba takwimu ambazo chuo kiliwapelekea watunga orodha si sahihi. Septemba ikatupwa namba 18. Walimu walewale, madarasa yaleyale.

Mimi nilichagua chuo kwa jina, unakumbuka. Maabara tulikuwa watu kumi na wawili kwa darubini moja. Linaniuma mpaka leo.

Halafu namfikiria Rehema Pasaka ile, ndama amekaa vibaya tumboni, sisi wakubwa tunapiga kelele, yeye wa kidato cha pili anakunja mkono wa gauni na kuingiza mkono. Mtoto yule umpeleke kwingine kwa sababu ya namba?

Angekuwa anatafuta pa kufanyia uzamivu, ningesema sawa, utafiti wa chuo una uzito. Shahada ya kwanza naulizia mengine: mazoezi yanaanza mwaka gani, wagonjwa wanaoletwa ni wangapi, akimaliza atasajiliwa na Baraza la Veterinari? SUA wana hospitali ya wanyama ya kufundishia. Nimewaona watu wakishusha mbuzi na mbwa pale, wanafunzi wamewazunguka.

Dirisha la kuthibitisha linafungwa lini? Mwenyewe anataka nini, maana ujumbe mzima hukusema? Baba yake atanisikiliza nikimpigia Jumapili, au nimtangulize shemeji? Na mnaweza kupanda basi wiki hii, mlale kwangu, asubuhi twende naye akaone kwa macho yake?

Nijibu leo, tafadhali.

Dada yako,
Mama Jabiri