Neno la wiki: "rice"

Assalaam aleykum wanakikundi. Wiki hii tunashika neno "rice". Nimelichagua makusudi, maana hapa Mswahili na Mchina wako pamoja, Mwingereza yuko peke yake.

Kwetu ukiwa bondeni Cheju ni mpunga, ukishakobolewa ni mchele, ukiiva ni wali. Mwingereza yote hayo ni "rice". Mchina anatenganisha kama sisi: mpunga 稻子 (dàozi), mchele 大米 (dàmǐ), wali 米饭 (mǐfàn). Basi mkitafsiri msipitie Kiingereza, tokeni kwenye Kiswahili moja kwa moja. Juzi Darajani nilimsikia kijana akimtajia mgeni wa Kichina bei ya kilo ya mǐfàn, na mbele yake gunia la mchele. Mgeni wa watu akawa anaangaza macho kutafuta sufuria.

Kwa Kiingereza "rice" halitiwi s mwishoni wala "a" mbele. Punje moja ni "a grain of rice", 一粒米 (yí lì mǐ). Bakuli la wali ni "a bowl of rice", 一碗米饭 (yì wǎn mǐfàn).

Na hili nalipenda sana: 吃饭 (chīfàn), neno kwa neno "kula wali", kwao ndiyo kula chakula chochote, hata kama sahanini mna tambi.

Kesho baada ya laasiri kila mtu arikodi sentensi tatu: ya shambani, ya dukani na ya mezani. Kwenye mǐ sauti ishuke kwanza, ndipo ipande.