Kaure mmeiona, mtungi je?

Mhariri,

Nalisoma gazeti lenu mwaka wa thelathini na ushei huu, na sijawahi kuwaandikia hata mstari. Lakini ile habari yenu ya majuzi, mliyousifia ukumbi mpya wa maonyesho ya kaure, vile vyombo vya Kichina, na vioo, mpaka mkaupa ukurasa mzima na picha, imenishinda kunyamaza. Mwandishi wenu aliingia ndani kweli, au alimalizana nao mlangoni kwa soda?

Mimi niliingia. Nilipanda basi alfajiri na mjukuu wangu wa darasa la sita, tukalipa kiingilio. Kabati la kwanza lina sahani ya Kichina, nyeupe na buluu, na chini yake wameweka kioo ili tuone kitako. Kwenye ukingo wa kitako mna matundu mawili madogo, yamekaribiana. Kibandiko, Kiingereza kitupu, kinasema sahani imeharibika. Imeharibika! Mhariri, matundu yale yametobolewa makusudi, kwa keekee, na fundi aliyejizuia kupumua, ili ipite kamba na sahani itundikwe ukutani. Kwetu Lamu nyanya yangu alikuwa na moja ya namna hiyo juu ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na kila Ramadhani ikikaribia aliishusha akabadili kamba kwa mkono wake, sisi watoto tumefukuzwa uani. Basi nikanyoosha kidole nimweleze mjukuu. Mlinzi akanijia mbio: "Mama, usiguse kioo." Sikuwa nimegusa. Nikamwambia maandishi yamekosewa, akasema hilo si lake, niandike kwenye kitabu cha wageni. Kitabu kipo. Kalamu haipo.

Hayo ningeyameza. Lakini tulipokwenda msalani nikakuta kando ya mlango mtungi wa udongo, mzima, umefinyangwa kwa mkono bila gurudumu, shingoni una mistari iliyokatana, mtu kaichora udongo ungali mbichi. Kibandiko hauna. Ndani mna vipande vya tiketi na ganda la ndizi! Na wanaochimba miji yetu ya kale, Shanga mpaka Kilwa, wanajua fika kwamba vigae vingi wanavyotoa ardhini ni vya vyungu na mitungi ya hapa hapa. Kaure ya China ni konzi moja ndani ya gunia. Konzi imewashiwa taa, gunia limegeuzwa pipa la taka.

Wala si huko tu. Nendeni Gedi mkasome majina waliyopewa magofu: Nyumba ya Bakuli la Kaure, Nyumba ya Ushanga wa Venice. Waliokaa mle walipikia nini, ushanga? Nyumba ya Chungu sikuiona. Na nisiwaseme wakubwa peke yao, maana mwanangu mwenyewe kabomoa zidaka za sebuleni apate pa kutundika televisheni, na nikisema naambiwa nimepitwa na wakati.

Ushauri wangu ni mdogo. Waweke kigoda kando ya kabati la kwanza, na kila Alhamisi baada ya alasiri nitakuja kukikalia niwaambie watu kitu gani ni kitu gani. Wanilipe nauli na chai ya tangawizi. Mtungi wautoe msalani kabla sijafika. Kalamu ya kitabu cha wageni nitaileta mwenyewe, na nitaitoboa niipitishe kamba isiibwe. Wasije wakaandika imeharibika.

Bibi wa Kibokoni,
Mombasa